Maneno ya Kwenye Teksi

Milango ya lifti ilipofunguka, watu wote waliokuwa wamejazana ukumbini walishangilia, isipokuwa mwanamke mmoja.

Walikuwa wamesimama pale tangu asubuhi: makarani na mafaili yao, mwuza maji na madumu yake, bibi mmoja mnene aliyekuwa akijipepea kwa bahasha. Fundi alipotoka ndani ya lifti, ovaroli ya buluu mwilini na bisibisi sikioni, bibi yule alimshika mkono akamwombea maisha marefu. Watu wakasukumana, wakapanda, wakashuka, wakapanda wengine, hata ukumbi ukabaki mtupu. Mwanamke yule hakusogea. Alivaa gauni la kijani kibichi lililomkaa kiunoni kama limemwagwa, na mtandio mweupe alioupitisha chini ya kidevu mpaka shavuni. Kwa macho yake tu, ungesema amekuja mazishini.

"Dada, pita," fundi alimwambia. "Imepona."

"Wapite wengine."

"Wengine wamekwisha. Tumebaki mimi na wewe."

Mwanamke akaitazama lifti kama kuku anavyomtazama mwewe. Kweli alikuwa amesikitika. Alipokuta lifti mbovu alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akasema ataihesabu kuwa sababu: amekwenda, jengo limemkatalia, arudi nyumbani. Sasa huyu mwenye grisi kidevuni alikuwa amemwondolea sababu yake.

"Haki ya Mungu," fundi alisema, "nimefanya kazi hii mpaka nimechoka, sijawahi kuona mtu ananuna kwa sababu lifti imepona."

"Sijanuna."

"Basi hiyo ndiyo furaha? Na ukinuna inakuwaje?"

Mwanamke alitaka kucheka, hewa ikampiga jinoni, akafumba mdomo upesi na kuushika mtandio.

"Unaogopa lifti," fundi alisema, sauti ikishuka. "Usione haya. Wengi wanaogopa."

Angeweza kukana. Lakini uongo umeletwa mlangoni, umefungwa vizuri, mtu anaukataaje? "Ndiyo," alijibu. "Naogopa lifti."

"Sikiliza nikwambie. Kamba za chuma zinazoibeba hii ni nyingi, na moja tu inatosha. Na hata zikatike zote, kuna breki chini yake. Inaing'ata reli kwa meno, haiachii. Meno hivi!" Akaonyesha kwa vidole vilivyopindwa.

Mwanamke akapauka mpaka midomo. Fundi akaona amemtisha zaidi, akaona ni wajibu wake kurekebisha. "Twende, nitakupeleka mwenyewe. Ghorofa ya ngapi?"

"Ya sita," alisema, kabla hajapata akili ya kusema nyingine.

Wakapanda. Ghorofa ya sita milango ilifunguka, ikaingia harufu ya mafuta ya karafuu na dawa ya kusafishia, na nyuma ya ukuta kitu kikalia, chembamba, kirefu, kama nyigu aliyefungiwa ndani ya chupa. Mwanamke akanyoosha mkono akabonyeza kitufe cha chini. Milango ikajifunga.

"Umesahau kitu?"

"Futi yangu. Nimeiacha kazini. Mimi nashona mapazia."

Fundi akamtazama, akaitazama namba ikishuka, akasema kwa unyonge wa kujifanya, "Dirisha langu halina pazia. Majirani wamechoka kuniona."

Ndivyo ilivyoanza.

Kazini kwake walimwita Pini, kwa sababu alikuwa mtu wa kushika pini midomoni huku akipinda kitambaa, akazungumza nazo hivyo hivyo bila kudondosha hata moja. Siku zile alikuwa ameziacha, anazichomeka kifuani, na wenzake walidhani ni mtindo. Fundi Lifti alikuja na vipimo vya dirisha lake vilivyokosewa, ikabidi aende mwenyewe kupima. Akakuta chumba kisafi, kitanda kimetandikwa kwa kulazimishwa, na dirisha kubwa linalotazama paa za mabati. Fundi alimshikia ncha ya futi. Walipomaliza, futi ilikuwa imeshakunjwa na yeye bado ameishika ile ncha.

"Unaweza kuiachia," Pini alimwambia.

"Naweza," alijibu, asiiachie.

Pazia lilichukua muda mrefu kuliko pazia lolote katika historia ya karakana ile. Simu zikawa za asubuhi, mchana na jioni.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Chakula gani hicho hakina jina? Kina baba kweli?"

Alikuwa amekula mkate uliolowekwa kwenye chai ya uvuguvugu, upande wa kushoto. Hilo hakulisema. Wala hakusema kwa nini, fundi alipomsogelea mlangoni kuagana, aligeuza uso akampa paji la uso badala ya midomo. Jino lile la nyuma, chini kulia, lilikuwa limetoboka, na asubuhi alionja kitu kichungu akajua na wengine watakinusa.

"Mimi nina ukoma?" fundi aliuliza siku moja, nusu utani.

"Vizuri havitaki haraka."

"Haraka siitaki. Nataka tarehe tu."

Kisa cha lifti nacho kiliendelea. Popote walipokwenda, duka la ghorofani au ofisi ya nani, fundi hakumpandisha lifti. "Mpenzi wangu hapandi," aliwaambia watu, na yeye, mtu anayekula kwa lifti, akazipanda ngazi pamoja naye akimshika kiwiko, jasho likimtoka, bila neno. Pini alijiona mwovu kila ngazi. Lakini akisema siogopi lifti, ataulizwa, sasa uliogopa nini? Na hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Alikuwa na miaka minane. Walimlaza kwenye kiti cha ngozi nyekundu, wakamwambia haiumi. Sindano ilichomwa, lakini mwenye koleo hakusubiri ganzi ishike. Baba mdogo alimshika miguu, mtu mwingine mikono, wa tatu kichwa, na mama yake alisimama nje ya mlango akiimba ili asisikie. Pini aliyasikia yote mawili, wimbo na kilio chake mwenyewe. Aliingia utu uzima, akajifunza kazi, akapata cherehani yake, na bado harufu ya karafuu ilimkata magoti.

Asubuhi moja aliamka shavu limejaa mpaka jicho limebaki ufa. Mdomo ulifunguka kidogo tu, kidole kisipite. Kumeza mate kulikuwa kama kumeza kijiti. Dada yake mkubwa, aliyekaa naye nyumba moja, alikuwa mpishi wa shule na alikuwa anawahi kazini. Alimtazama mlangoni, viatu mkononi.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," alisema. "Sasa nani analia?"

"Litapoa."

"Litapoa au utapoa wewe? Mimi nampigia mtu wako."

"Dada, usimpigie! Asinione hivi!"

Dada alikuwa ameshaweka simu sikioni.

Fundi alipofika alimkuta kalala chumbani, kajifunika shuka gubigubi. Akaifunua taratibu. Uso wake ukabadilika. "Nani amekupiga?"

"Jino."

"Jino gani linapiga mtu hivi?"

Akamwambia yote, kwa mdomo usiofunguka, maneno yakitoka yamebanana. Ghorofa ya sita. Kiti chekundu. Baba mdogo. Fundi alisikiliza akiwa amechuchumaa kando ya kitanda.

"Kwa hiyo lifti huogopi?"

"Siogopi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Ngazi zote zile, Pini!"

Akacheka yeye, akacheka na Pini, kisha Pini akashika shavu akalia, na fundi akaacha kucheka. "Amka," alisema. "Hatuendi kung'oa. Tunakwenda kuonyesha tu. Wakikugusa bila ruhusa yako, nazima umeme wa jengo zima. Unajua naweza."

Daktari wa ghorofa ya sita alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, mikono midogo kama ya mtoto wa shule. Hakushika kifaa chochote. Alivuta kiti akakaa chini zaidi ya Pini, akamtazama shavu, akambonyeza shingo kwa ncha za vidole.

"Usaha umeanza kutafuta njia ya kushuka," alisema. "Ukifika shingoni unaziba pumzi. Sikutishi, nakueleza. Nitakupa dawa za kuua wadudu, uvimbe upungue. Jumatatu tunalitoa."

Pini alikuwa tayari amesimama.

"Kaa, mwanangu. Mtu anayetetemeka hivi simng'oi jino kwa nguvu. Kuna kidonge cha kutuliza. Unakimeza hapa hapa kliniki, mbele ya nesi, unasubiri kifanye kazi, ndipo unaingia."

"Nitalala?"

"Sio usingizi wa chumba cha upasuaji. Nikikwambia fungua mdomo utasikia na utafungua. Ila woga utakuwa kama mtu anayepiga kelele mtaa wa pili. Unamsikia, hakuhusu."

"Na maumivu?"

"Kidonge ni cha woga. Maumivu yana sindano yake ya ganzi, na hiyo nitakuchoma. Kisha nitasubiri. Nitagusa, nitakuuliza. Ukiinua mkono, naacha. Hata uinue mara kumi."

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mkono wake una nguvu hiyo. Daktari akamuuliza maswali yake: dawa anazokunywa, kifua, ujauzito, pombe. Akamwambia Jumatatu asile kitu tangu alfajiri. Kisha akamgeukia fundi.

"Na wewe ndiye msindikizaji? Sikiliza vizuri, maana yeye hatasikia. Usimwache peke yake mpaka kesho yake. Asishike mkasi, asiguse cherehani, asitie sahihi mahali, asiamue jambo lolote kubwa. Atakuwa anaongea kama mzima, lakini akili itakuwa nusu, na huenda asikumbuke chochote."

"Ndiyo, daktari," fundi alisema, macho yakiwa kwenye shavu la Pini.

Siku za kungoja zilikuwa mbaya kuliko jino. Dawa zilipunguza uvimbe, hofu ikachukua nafasi yake. Alishona upindo ule ule mara mbili akaufumua. Fundi alipiga simu kila alipopanda na kushuka jengo.

"Uko wapi?"

"Natoroka."

"Umefika wapi?"

"Dukani kwa jirani."

"Nunua na sabuni basi, urudi."

Jumatatu alikumbuka vizuri mpaka mahali fulani. Alikumbuka blauzi yake ya pinki aliyoichagua kwa sababu haina vifungo vya shingoni. Alikumbuka kidonge, cha buluu, kidogo kuliko kifungo cha shati, na mate yalivyomkauka hata nesi akamwongezea maji. Alikumbuka kifaa alichobanwa kidoleni kupima hewa ya damu, na mkono wa fundi unaonukia sabuni. Alikumbuka akisema, "Hakifanyi kazi hiki, naogopa vilevile." Kisha aliutazama ukuta wa rangi ya krimu, akaona ni ukuta mzuri sana.

Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Alifumbua macho akaona mto wake, dirisha lake, jua la asubuhi. Shavu zito. Akapeleka ulimi nyuma taratibu, akakuta shimo laini.

"Limetoka?" aliita.

"Toka jana!" dada yake alijibu kutoka jikoni. "Umerudi hapa unachekacheka kama uliyetoka kunywa. Ukalala na viatu."

Pini aliketi. Alitafuta siku ya jana kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba. Hakuna kiti, hakuna daktari, hakuna njia ya kurudi. Furaha ya jino kutoka ilimjia, na nyuma yake, baridi, likaja swali.

"Dada, nilisema nini?"

"Kwangu hukusema kitu. Muulize aliyekuleta."

Simu ikaita. Alikuwa yeye.

"Umeamkaje, laazizi wangu?" Sauti yake ilikuwa na kitu kipya, kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

"Nimeamka. Uso kama mkate."

"Mkate ndio chakula changu. Pini, kuhusu yale ya jana. Ya kwenye teksi."

Akajiona kwenye kiti cha nyuma, mdomo wazi, mate na damu vikimtiririka, labda analia jina la mama yake, labda anamtukana baba mdogo matusi ambayo mwanamke hatamki. Mbele ya mtu huyu, ambaye bado hajamruhusu hata kumbusu.

"Fundi, nakuomba," alisema haraka. "Yale ya jana tuyasahau."

"Tuyasahau?"

"Nilikuwa si mimi. Ni kidonge. Usimwambie mtu yeyote, tafadhali."

"Yote tuyasahau? Yote, Pini?"

"Yote. Naona aibu hata kuyataja."

Upande wa pili alisikia lifti ikipita mahali fulani, na nyaya zake zikivuma.

"Sawa," fundi alisema. "Kama ndivyo unavyotaka."

Kuanzia siku ile simu zikawa chache kama mvua ya kiangazi. Akipiga yeye, fundi alijibu kwa adabu, "Niko juu ya lifti, nitakupigia," asipige. Alikuja mara moja kumletea dawa ya kusukutua, akaikabidhi mlangoni, akauliza kidonda kinaendeleaje, kama daktari. Hakusema laazizi. Pini alimtazama akishuka ngazi na akajua, kwa uhakika wa mtu anayejionea haya, sababu yake: ameuona mdomo wangu. Ameona kilichokuwa ndani, amesikia harufu, amechukizwa, na ni muungwana tu ndiyo maana hakimbii.

Sasa harufu ilikuwa imekwisha. Angeweza kucheka mdomo wote, na hakuwa na wa kumchekea.

Lililobaki lilikuwa jino la pili. Daktari alikuwa ameliona siku ya kung'oa lile la kwanza, upande wa juu, limeoza lakini linaokoleka: kusafishwa mzizi na kuzibwa. Miadi ilikuwa imeandikwa. Na ajabu yake, hofu haikuwa imepungua hata chembe. Kwa kuwa hakukumbuka kiti cha yule mama daktari, kichwani mwake kilibaki kiti kimoja tu, kile chekundu.

"Nitaomba ruhusa shuleni nikupeleke," dada alimwambia.

"Usiombe."

"Utakwenda na nani?"

Pini akasogea pembeni ya ua na simu, akapiga.

"Nina miadi keshokutwa," alisema. "Bila msindikizaji hawanipi kidonge."

"Dada yako?"

"Yuko kazini."

Dada, aliyekuwa anaanika nguo hatua chache kutoka pale, akainua nyusi mpaka kwenye kilemba.

Fundi alivuta pumzi. "Nitakuja."

Alikuja na shati jeupe la mistari myembamba, limepigwa pasi kola mpaka mikono. Walipanda lifti pamoja, wote wawili wakizitazama namba. Kwenye chumba cha kungojea palikuwa na mzee mmoja anayesoma gazeti, pamba imemjaa shavuni. Kule ndani, nyigu akaanza kulia. Pini akakaa kwenye kiti cha karibu.

Nesi akaja na kisahani: kidonge cha buluu na glasi ya maji.

Pini akakichukua. Akakitazama kiganjani. Vidole vikakifunika.

"Siwezi."

"Daktari ni yule yule," fundi alisema kwa upole, akitazama sakafu. "Ukiinua mkono, anaacha."

"Najua. Jino naliogopa, Fundi, sana, nasikia kutapika. Lakini lipo lingine naliogopa zaidi. Nikimeza hiki nitasema tena maneno, na safari hii utaondoka moja kwa moja. Niambie kabla sijameza. Nilikufanya nini kwenye teksi?"

Fundi akainua uso. "Unanidhihaki?"

"Nakuuliza."

"Uliniambia tuyasahau. Ulisema unaona aibu."

"Nilikuwa nimeshayasahau! Sikumbuki hata teksi yenyewe ilikuwa rangi gani. Nilidhani ni mate. Nilidhani nimekudondoshea mate, au nimetukana."

"Mate ulinidondoshea. Shati zima. Pini, kweli hukumbuki?"

"Mungu mmoja."

Fundi aliweka mikono magotini. Mtu huyu kazi yake ilikuwa kusimama juu ya shimo la ghorofa tisa, akiwa ameshika kamba, anaimba. Sasa aliyakamata magoti yake kama ndiyo kamba.

"Nilikuuliza kama utakubali nikuoe," alisema.

Gazeti la mzee liliacha kutikisika.

"Ukasema ndiyo. Ukasema hata kesho. Ukamwambia dereva azunguke tena mtaa ili nikuulize upya, nikakuuliza upya, ukasema ndiyo tena. Dereva akapiga honi mpaka watu wakachungulia madirishani. Asubuhi yake nilikuwa nimeshampigia mama yangu. Ndipo nikakupigia wewe, ukasema hukuwa wewe."

Pini aliziba mdomo kwa mikono miwili. Siku zote zile zikapita mbele yake, dawa ya kusukutua, mlango, ngazi.

"Na ukanyamaza!" alisema. "Wiki zote hizi hukuuliza!"

"Na wewe uliuliza?"

"Niliogopa."

"Mimi je? Mimi nina ini la chuma?"

"Daktari alikwambia! Alisema asiamue jambo kubwa. Nilimsikia mimi, wewe hukumsikia?"

"Sikumsikia," fundi alikiri. "Nilikuwa nakutazama. Na kwenye teksi kichwa chako kilikuwa begani kwangu, kizito, pamba imejaa damu, nikasema moyoni, hivi huyu akiondoka duniani sijamwambia? Ikanitoka. Haikuwa huruma, usije ukadhani. Ilikuwa woga mtupu."

Nesi alikuwa bado amesimama na glasi. "Dada," alisema taratibu, "daktari anasubiri."

"Nipe kidogo, nesi. Kidogo tu." Pini akageuka kwenye kiti mpaka magoti yao yakagusana. Alikuwa anatetemeka meno, mabovu na mazima. "Niulize sasa hivi. Akili ninayo yote."

"Hapa?"

"Hapa."

"Mbele ya mzee?"

"Mzee hana neno," mzee alisema kwa mdomo wa pamba.

Fundi akamshika mkono ule uliofumba kidonge. Jasho lao likachanganyika. "Utakubali nikuoe?"

Huko ndani nyigu alinyamaza, na kimya chake kilitisha kuliko mlio wake.

"Nakubali," alisema. "Na nitakukasirikia kwa zile wiki, ujue. Hiyo haijaisha. Lakini nakubali."

Kisha akamgeuzia uso, na safari hii hakumpa paji la uso. Ilikuwa fupi, kavu kwa hofu ya wote wawili. Nesi akatazama dari. Mzee akafungua gazeti kwa kishindo.

Akakipeleka kidonge mdomoni, kikiwa kimeanza kuyeyuka kwa jasho, akakimeza na maji yote ya glasi. Walikaa wakingoja. Alikuwa bado anaogopa. Alimwambia hivyo, mara nyingi, mpaka ulimi ukaanza kuwa mzito, na fundi kila mara alimjibu, "Nasikia." Waliposimama kuingia alimsindikiza hadi mlangoni, mahali anaporuhusiwa kufika, na Pini akaingia ndani kwa miguu yake mwenyewe, ameshikwa kiwiko na nesi.

Asubuhi iliyofuata kichwa chake kilikuwa tena na lile pengo, laini, halina kingo. Alilizunguka kwa uangalifu mpaka akafika upande wake wa huku, akakuta kila kitu kimekaa mahali pake: mikono, mistari ya shati, sauti ya mzee. Alikuwa ameshamwamsha dada yake na kumwambia, na dada alikuwa ameshapiga kelele, na sasa alikuwa jikoni anaongea na mama yao kwenye simu, wote wawili kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Simu yake ikaita.

"Umeamkaje?" fundi aliuliza. Hakukuwa na utani wowote.

"Salama. Limezibwa."

"Haliumi?"

"Kidogo."

Pini alisikia pumzi zake, fupi fupi. "Pini," alisema, "jana... unakumbuka chochote?"

Angeweza kumchezea. Mzaha ulikuwa pale pale, ulimini, mtamu, na alikuwa anamdai kwa zile wiki. Lakini alizisikiliza zile pumzi. Alikuwa anazijua, zilikuwa zake yeye, miaka yote.

"Nakumbuka," alisema upesi. "Uliniuliza, nikakubali, kabla ya kidonge. Nakumbuka kila neno, laazizi."

Upande wa pili kitu kilianguka, pengine bisibisi.

"Sasa njoo," Pini alisema. "Dada anakungoja, na mama yuko kwenye simu, anataka kukusikia mwenyewe. Ana maswali."

"Maswali gani?"

"Mengi."

"Pini, mimi naogopa."

"Najua," alisema. "Njoo hivyo hivyo."